Somo: Ukingo wa mto jijini bila ukuta wa zege

Ukuta wa zege wa mita 100, kimo mita 3, unene sentimita 40, unakula mita za ujazo 120. Kwa kilo 300 za saruji kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 720 ya kilo 50, na hewa ya ukaa ya saruji peke yake ni kama tani 20 hadi 30. Sehemu nyingi za Mto Nairobi hazihitaji gharama hiyo, mradi nafasi ipo.

1. Tafuta alama ya mafuriko. Usipime maji ya Januari. Angalia karatasi za plastiki zilizonasa matawini, na uwaulize wakazi maji ya Aprili 2024 yalifika wapi. Njia na taa zikae juu ya hapo. Mabenchi ya mawe yanaweza kuzama. Vibali vya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji vitangulie mashine.

2. Laza ukingo: kila mita 1 ya kimo, rudi nyuma mita 2.

3. Linda mguu wake. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu maji hula chini kwanza, kisha vya juu vinaporomoka pamoja na nyasi zake. Zamisha gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) za mita 2×1×1 angalau nusu mita chini ya sakafu ya mto, mawe yawe makubwa kuliko matundu ya wavu. Nyuma yake tandika kitambaa cha kuchujia. Ukikiruka, udongo unavuja kati ya mawe na mashimo yanatokea juu.

4. Panda vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, mvua ndefu zinapoanza. Majani yabaki sentimita 20, mizizi 10. Mche kila sentimita 10, mistari minne inayokingama mteremko. Kwa mita 100 hiyo ni miche 4,000. Juu, mikuyu. Mikaratusi hapana, hata ukipewa bure.

Maswali kutoka mitaa ya Nairobi

Mathare: Tuna mita mbili tu hadi ukuta wa nyumba.
Jibu: Panga gabioni kwa ngazi, kila safu irudi nyuma nusu mita, vetiva kwenye vidato. Kimo kikizidi mita 2, mwite mhandisi.

Mukuru: Kwetu ni udongo mweusi, hupasuka kiangazi.
Jibu: Maji yakiingia kwenye nyufa, ukingo unakatika vipande. Chimba mfereji juu ya mteremko uyaelekeze pembeni, na ufunike udongo kwa nyasi kavu hadi vetiva ishike.