Malipo ya Likizo kwa Mfanyakazi wa Msimu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kazi

Jijini Dar es Salaam ajira za msimu zina kalenda yake. Kuna maonesho ya Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, kuna hoteli na kumbi za sherehe zinazofurika watu mwezi Desemba, na kuna maghala ya Kurasini yanayoita vibarua kila mzigo unapoingia. Wengi wanaofanya kazi hizi wanaamini kwamba likizo ni ya waajiriwa wa kudumu tu, hivyo hupokea ujira wa mwisho na kwenda zao bila kuuliza. Imani hiyo si sahihi, na inafaa isahihishwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu msimu ukishafungwa ushahidi nao hutawanyika.

Kwanza, fahamu sheria inakuweka kundi gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka yenye malipo, lakini kwa kawaida haimpi haki hiyo aliye na utumishi wa chini ya miezi sita. Hapo ndipo vibarua wengi hukatishwa tamaa, ilhali sheria hiyohiyo imeweka misamaha miwili: mfanyakazi aliyeajiriwa kwa msimu anastahili likizo yenye malipo, na vivyo hivyo aliyeitwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yuleyule, ikiwa vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi sita. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, uliza kama unaajiriwa kwa msimu, na uombe neno hilo liandikwe kwenye mkataba au kwenye maelezo ya ajira ambayo mwajiri anapaswa kukupa.

Pili, jifunze hesabu yenyewe, nayo si ngumu. Msimu unapokwisha, mwajiri anatakiwa kumlipa mfanyakazi wa msimu mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Tuchukue mfano wa kibarua anayelipwa shilingi 12,000 kwa siku na aliyefanya kazi siku 130: anastahili siku 10, yaani shilingi 120,000 juu ya ujira wake. Kwa familia inayoishi kwa kipato cha kutwa, hiyo si fedha ya kuachwa mezani. Anayelipwa kwa kipimo cha kazi, kwa mfano kwa idadi ya magunia, hukokotolewa kwa wastani wa mapato yake ya wiki 13 zilizotangulia, au ya kipindi chote alichofanya kazi kama ni kifupi zaidi.

Hesabu nzima inasimama juu ya idadi ya siku, kwa hiyo maandalizi makubwa kuliko yote ni kumbukumbu. Jirani yangu wa Vingunguti, mama anayefungasha bidhaa ghalani, ana daftari dogo la shule lililokunjamana pembe, ambamo kila jioni huandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la msimamizi wa zamu. Siku aliyoitwa kisha akarudishwa getini kwa kukosa mzigo, huiandika vilevile. Msimamizi alipodai kwamba alifanya kazi siku chache kuliko alizozitaja, mama alilifungua daftari, akaweka pembeni ujumbe wa simu wa kila malipo aliyopokea, na tarehe zikalingana. Ningeshauri pia kupiga picha ratiba ya zamu kila inapobandikwa, kwa kuwa maneno "alizostahili kufanya kazi" yanaweza kuthibitishwa kwa ratiba hiyo.

Usichanganye malipo ya likizo na malipo ya sikukuu. Anayefanya kazi katika sikukuu ya kitaifa, kama Julai 7, siku ya Sabasaba yenyewe, anastahili mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na malipo hayo hayafuti ya likizo. Ukiambiwa kwamba fedha ya likizo "imo humohumo" ndani ya ujira wa siku, omba ionyeshwe peke yake kwenye hati ya malipo.

Mwisho, fahamu mapema pa kwenda. Walio hotelini na majumbani wana chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, walio viwandani na kwenye biashara wana chama cha TUICO, na mgogoro usiopata suluhu hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo kama haya hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, kwa fomu namba 1 ya Tume, ambayo nakala yake ni lazima imfikie mwajiri. Andika tarehe uliyonyimwa malipo kwenye daftari lilelile, na uzihesabu siku hizo 60 kuanzia hapo.