Kabla ya kununua farasi wa mashindano ya hatua tatu, kwa sisi tulio kando ya Ziwa Victoria

Mchezo huu, uliomo kwenye Olimpiki tangu 1912, humtaka farasi mmoja afanye kazi tatu: aende uwanjani kwa utulivu na utiifu, apige shoti nyikani akiruka magogo, mitaro na maji, kisha aruke viunzi vinavyoanguka akivigusa tu. Anayenunua kwa kutazama mruko peke yake amenunua theluthi ya farasi.

Anza na miguu. Mwambie saisi, yaani mtunza farasi, amwendeshe matiti (mbio ndogo ndogo) kwenye ardhi ngumu, kwenda na kurudi. Kichwa kikipanda na kushuka katika mwendo huo, kuna mguu unaouma. Pitisha kiganja nyuma ya miguu ya mbele, toka goti hadi kifundo. Ukikuta joto, uvimbe au kinundu kwenye kano, achana naye hata akiwa mzuri namna gani, kwa sababu kano iliyowahi kuumia hupona polepole, huumia tena kwa urahisi, na kila akitua uzito wote hushukia hapo. Inua kwato zote nne. Ziwe ngumu, zisizo na nyufa, na za mbele zilingane. Ardhi ya Mwanza haina huruma: kiangazi ni kokoto na mawe ya matale, masika udongo mweusi wa mbuga hunata na kung'oa viatu vya chuma.

Moyo upime kwa saa. Akiwa ametulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Mkimbize, kisha upime tena. Farasi mwenye mazoezi awe ameshuka chini ya 64 ndani ya robo saa.

Ujasiri hauonekani bandani. Mpeleke kwenye maji asiyoona chini yake, umpe hatamu, uone kama anaingia kwa kumwamini mpandaji. Ziwa lipo, lakini usilitumie kwa jaribio hili: kuna viboko, mamba na kichocho. Chimba dimbwi. Akisita kidogo kisha akaingia, huyo anafundishika. Anayegeuka na kuruka juu kwa hasira atakuumiza.

Umri utazamwe menoni, na daktari wa mifugo anayemkagua awe wako, si wa muuzaji.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni maradhi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, hasa baada ya mvua, nao huua farasi wengi wanaoupata. Ukielekea Biharamulo kuna mbung'o pia, wanaoeneza nagana, yaani malale ya wanyama. Uliza chanjo alizopata na tarehe zake, zikiwa kwenye karatasi. Na kama bado huna banda lenye wavu wa matundu madogo, la kumfungia kabla jua halijazama, jenga kwanza. Malipo ya farasi yasubiri.