Weka PIN kwenye WhatsApp yako leo

Jamani huu utapeli wa kodi (code) ya WhatsApp, zile tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji, umeliza wengi. Mtu anakuandikia "samahani dada nimekosea kodi yangu imekuja kwako, nitumie", ukituma tu akaunti imeenda na anaanza kuomba hela kwa ndugu zako wote, mama mdogo wangu ilimkuta hivyo hivyo. Usimpe mtu hiyo kodi, hata akiwa nani.

Sasa fungua Mipangilio ya WhatsApp, Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu 6 (sio tarehe ya kuzaliwa tafadhali) na imeili maana ukiisahau ndo itakuokoa.

Ukishaibiwa jisajili upya haraka na namba yako, mwizi anatolewa, ila kama kashaweka PIN yake unasubiri siku 7 ndo uingie.