Kupima mtetemeko wa Parkinson kwa simu: hatua tunazofuata kliniki

Mzee anapoketi mbele yangu, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikisuguana na kidole cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi, sihitaji simu ya kunijulisha kwamba mkono unatetemeka. Ninachohitaji ni kujua, baada ya miezi mitatu, kama mtetemeko huo umepungua, umeongezeka au umebaki vilevile, na hapo ndipo macho yanapodanganya. Kipimo cha MDS-UPDRS, ambacho madaktari hukitumia kupima ukali wa ugonjwa wa Parkinson na kilichapishwa mwaka 2008, hutoa alama 0 hadi 4 kwa mtetemeko wa mkono uliopumzika: chini ya sentimita 1 ni alama 1, kuanzia 1 hadi chini ya 3 ni alama 2, kuanzia 3 hadi 10 ni alama 3, na zaidi ya hapo ni alama 4. Ni kipimo kizuri, lakini mkono ulioshuka kutoka sentimita 2.8 hadi 1.2 unabaki na alama 2 ileile, ingawa mgonjwa na mkewe wameiona tofauti nyumbani. Simu huisoma tofauti hiyo.

Kabla ya kuendelea, naomba lieleweke kwamba simu haitambui ugonjwa. Daktari huitambua Parkinson kwa kuona wepesi wa mwili umepotea, yaani mwendo umekuwa mzito na wa taratibu, pamoja na mtetemeko au kukakamaa kwa misuli. Na wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa.

Hatua ya 1: Andaa simu. Mimi hutumia phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kwa ajili ya majaribio ya fizikia. Si kifaa cha tiba kilichoidhinishwa, na ripoti yako ni lazima iseme hivyo. Ukishaipakua haihitaji intaneti. Chagua jaribio la mchapuko (jinsi kasi ya simu inavyobadilika) lenye maandishi "without g", yaani lile linaloondoa mvutano wa dunia, kisha weka muda maalumu: isubiri sekunde 5, irekodi sekunde 30, isimame yenyewe. Washa hali ya ndegeni, kwa sababu simu ikipigwa katikati ya kipimo, utakachorekodi ni mtikisiko wa simu yenyewe.

Sasa ilaze simu mezani na urekodi sekunde 10 bila mtu kuigusa. Mstari unapaswa kuwa karibu kunyooka. Ukiona mawimbi ya kujirudia, tafuta feni au jenereta iliyo karibu. Hamisha rekodi hiyo kama faili la namba na uhesabu mistari yake: mistari 1,000 kwa sekunde 10 ina maana kwamba simu husoma mara 100 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa. Ikiwa husoma chini ya mara 50, tafuta simu nyingine.

Hatua ya 2: Andika saa ya dawa. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami niliwahi kuiruka. Nilimpima mgonjwa mmoja asubuhi, kabla hajameza kidonge cha levodopa, dawa yake ya Parkinson, na wiki nne baadaye nikampima saa tano, dawa ikiwa imeshika vizuri. Grafu ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Nilifurahi, nikaandika kwamba mazoezi niliyompa yamefanya kazi, mpaka binti yake aliponiuliza kwa upole, "Lakini siku ile, daktari, si baba alikuwa hajanywa dawa?" Nilikuwa nimepima kidonge, si mazoezi. Tangu siku hiyo faili lisiloonyesha saa ya dozi ya mwisho silitumii. Andika pia kama amekunywa kahawa, kama anatumia salbutamol ya pumu, na kama amelala vizuri, kwa kuwa yote hayo hubadilisha mtetemeko.

Hatua ya 3: Funga simu mkononi. Iweke juu ya mgongo wa kiganja, upande wenye kioo ukiangalia juu, na uifunge kwa bendeji ya kuvuta mizunguko mitatu. Isilegee, wala isikaze mpaka vidole vibadilike rangi. Simu inayocheza ndani ya bendeji huongeza mtikisiko usio wa mkono. Kumbuka pia kwamba simu ina uzito, na uzito huo unaweza kupunguza ukubwa wa mtetemeko mdogo. Kwa hiyo tumia simu ileile, mahali palepale, kila mara. Saa janja nyepesi ni bora zaidi kwa kazi hii ikiwa inakuruhusu kutoa data ghafi, lakini nyingi haziruhusu.

Hatua ya 4: Rekodi mikao mitatu, kila mkono. Mkao wa kwanza ni wa kupumzika: mgonjwa aketi, nyayo zikanyage sakafu, mkono uegemee kwenye mkono wa kiti, kiganja kining'inie bila kukazwa. Mtetemeko wa Parkinson hupenda kujificha mtu anapojitazama, kwa hiyo mshughulishe akili. Vitabu hushauri ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa saba saba. Mama mmoja aliyeuza samaki miaka mingi alinijibu kwamba hesabu hiyo haina maana. Nikamwambia mteja ametoa elfu kumi kwa samaki wa elfu sita na mia tatu, chenji ngapi? Alinijibu mara moja, na wakati anahesabu, mkono uliokuwa umetulia ukaanza kucheza.

Mkao wa pili ni kunyoosha mikono mbele, viganja vikiangalia chini. Usikatishe baada ya sekunde tano. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson mtetemeko hutulia mikono inapoinuliwa, kisha hurejea baada ya sekunde kadhaa, ilhali ule mtetemeko wa kurithi wa familia huanza papo hapo. Mkao wa tatu ni mgonjwa kugusa pua yake kisha kidole chako, mara tatu, taratibu.

Hatua ya 5: Soma marudio. Kuza sekunde 2 za grafu zilizo safi na uhesabu vilele. Vilele 10 katika sekunde 2 ni mara 5 kwa sekunde, yaani hezi 5. Mtetemeko wa Parkinson wa kupumzika kwa kawaida huwa hezi 4 hadi 6. Ule wa kawaida wa kila binadamu, unaoongezeka kwa hofu au kahawa, huwa karibu hezi 8 hadi 12. Jaribio la spektra (grafu inayoonyesha nguvu ya kila marudio) ndani ya programu hiyohiyo litakuonyesha marudio hayo kama kilele bila kuhesabu, lakini hesabu kwa macho kwanza, maana spektra huonyesha pia marudufu yake, na anayeanza huweza kuichukua hezi 10 badala ya 5.

Hatua ya 6: Geuza mchapuko kuwa umbali. Zidisha marudio kwa 6.28, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawa mchapuko wa kilele kwa namba hiyo. Mchapuko wa 2 m/s² kwenye hezi 5 ni 2 ÷ 986, yaani takriban milimita 2 kila upande, jumla milimita 4. Usishangae ikiwa macho yanaona zaidi: ncha za vidole husogea kuliko mgongo wa kiganja. Tena, mkono unaojizungusha badala ya kupanda na kushuka huichanganya hesabu hii, na hapo nakushauri usome jairoskopu, yaani kihisi cha simu kinachopima mzunguko, badala yake.

Hatua ya 7: Hifadhi. Faili lipewe namba ya mgonjwa, si jina, pamoja na tarehe, mkono, mkao na dakika tangu dozi. Kwa mfano, 014_kulia_pumziko_dk60. Daktari wa mishipa ya fahamu hana muda wa mistari 3,000. Mpelekee grafu mbili za mkono mmoja katika mkao mmoja, moja kabla ya kidonge na nyingine saa moja baadaye, zenye kipimio kimoja pembeni, na saa za dozi zote za siku hiyo zikiwa zimeandikwa chini.