Namna ya kupima kama watoto wameielewa hadithi ya zawadi

Hadithi nyingi za kale kuhusu zawadi hupita njia moja: maskini hutoa kidogo alichonacho, tajiri hutoa kilichomzidi, na mwishowe maskini ndiye anayelipwa. Watoto wa darasa la kwanza na la pili huzipenda, lakini swali la "hadithi hii inatufundisha nini?" halipimi ufahamu wao, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuzoea shule atajibu "tusiwe wachoyo" hata kama alikuwa akisinzia.

Chagua zawadi ambayo watoto wanaijua thamani yake. Katika vijiji vya Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania, ambako msimu wa mvua ni mmoja na kiangazi ni kirefu, kibuyu cha maji hueleweka upesi kuliko mkufu wa dhahabu. Tuseme binti anatoka kisimani, anamkuta bibi kizee mwenye kiu chini ya mbuyu, naye anampa maji yote. Mfugaji mwenye ng'ombe tele anampa bibi huyohuyo ndama mgonjwa aliyekwisha kumkatia tamaa. Mwishowe bibi anamlipa binti kwa utajiri. Anza kwa "Hadithi, hadithi!", subiri waitikie "Hadithi njoo!", kisha simulia hadi mwisho bila kuwakatiza kwa maswali. Wanaozungumza Kigogo, lugha ya Wagogo wa huko, nyumbani wajibu kwa Kigogo wakipenda, kwani hapa hupimi Kiswahili chao.

Baada ya hapo uliza, "Nani ametoa zaidi?" Wadogo wengi watamtaja mfugaji, kwa sababu ndama ni mkubwa kuliko kibuyu, nawe usiwasahihishe. Mwaka 1932 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jinsi watoto wadogo walivyomwona aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya kuwa mkosaji kuliko aliyevunja kimoja akidokoa jamu. Wanapima kinachoonekana, nia huja baadaye.

Swali linalofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: "Binti alibaki na nini?" Mtoto anayejibu kwamba hakubaki na kitu, kwamba itambidi arudi kisimani na mama yake atamgombeza kwa kuchelewa, ameuona uzito wa zawadi ile bila kuambiwa. Kisha badilisha jambo moja tu: bibi anakunywa, anashukuru, anaondoka bila kulipa chochote. Waache wabishane kama binti alifanya vyema, na umwombe kila mmoja atoe sababu yake.

Wasiopenda kusema waigize. Mtazame anayecheza binti: je, anachungulia kibuyu kabla ya kukitoa, au anakikabidhi mara moja huku akinyosha mkono mwingine apokee malipo?

Siku chache baadaye, mwombe mtoto amsimulie mdogo wake hadithi hiyo, nawe usikilize anachokiacha. Akiiruka kiu ya bibi na kukimbilia utajiri wa binti, mrudishie swali la kibuyu kilichobaki kitupu.