Namna ya Kuipima Hospisi Kabla ya Kumkabidhi Mgonjwa: Mwongozo kwa Familia za Lamu

Familia nyingi za Lamu hulisikia neno hospisi kwa mara ya kwanza zikiwa zimekwisha kuchoka. Mgonjwa ametoka kulazwa Mombasa, daktari ameeleza kwamba dawa za kupambana na saratani hazitamletea faida tena, na safari ndefu ya kurudi kwa njia ya Garsen na Witu hadi gati ya Mokowe imemmaliza nguvu. Hapo ndipo jirani au jamaa anapotaja kwamba wako wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, ambayo ndiyo kazi ya hospisi, wanaowatembelea wagonjwa majumbani, na familia hukubali papo hapo bila kuuliza lolote, kwa sababu msaada wowote wakati huo huonekana ni rehema. Mwongozo huu unaeleza maswali ya kuulizwa kabla ya kukubali, pamoja na majibu yanayostahili kuaminiwa na yale yanayostahili kutiliwa shaka.

Inafaa kwanza kuondoa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba hospisi ni lazima iwe jengo lenye vitanda. Picha hiyo inatoka mbali: daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, nayo ilikuwa na wodi. Nchini Kenya, tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, huduma hii kwa sehemu kubwa imekuwa ya kliniki za mchana na ya kumfuata mgonjwa nyumbani kwake. Kwa hiyo mtoa huduma unayempima anaweza kuwa kitengo cha hospitali ya umma, shirika la hisani, au muuguzi aliyejiajiri mwenye mkoba na simu, na uzuri wa ofisi yake haukuambii chochote kuhusu kazi yake. Dhana ya pili ni kwamba hospisi ni ya mtu aliyebakiwa na miezi sita ya kuishi. Hesabu hiyo ni sharti la bima ya serikali ya Marekani iitwayo Medicare, na wanaosoma habari hizi kwenye intaneti huichukua kama sheria ya dunia nzima. Tiba shufaa inaweza kuanza siku ile ile ugonjwa mzito unapogunduliwa, sambamba na matibabu mengine, na mtoa huduma anayekuambia umrudishe mgonjwa "akizidiwa zaidi" hajaielewa kazi yake mwenyewe.

Swali la usiku

Kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu, uliza hili: "Sista, mgonjwa wetu akishikwa na maumivu saa nane za usiku, tumpigie nani simu, na mtu huyo atafanya nini?" Mchana kila mtoa huduma huonekana mzuri, kwa kuwa kliniki iko wazi, daktari yuko karibu na boti zinasafiri. Usiku mambo hubadilika. Mgonjwa aliye Matondoni au Kipungani hawezi kufikiwa kwa gari, na aliye Siyu, Faza au Kizingitini anatenganishwa na mji wa Lamu na bahari ambayo boti zake huenda kwa majira ya maji. Mtoa huduma makini ameyafikiria hayo kabla yako. Atakutajia nambari ya simu inayoshikwa na muuguzi wa zamu, atakuonyesha dozi ya akiba itakayokaa nyumbani kwa ajili ya maumivu ya ghafla, na atakuachia maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ambayo kijana wa nyumbani anaweza kuyasoma kwa mwanga wa tochi. Jibu la "mleteni hospitalini asubuhi" linakutosha kuendelea kutafuta.

Nayasema haya kwa uzoefu. Nilipokuwa nikimuuguza mama yangu mdogo, tulipewa nambari ya simu na watu waungwana kabisa, ila hatukuuliza inapokelewa saa ngapi. Ilikuwa simu ya ofisi, ikipokelewa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Usiku wa Ijumaa moja maumivu yalipanda, na hadi alfajiri hatukuwa na la kufanya isipokuwa kumkanda mgongo na kumsomea Yasini. Tangu siku hiyo huwashauri watu waijaribu nambari hiyo mapema, usiku, kabla shida haijaingia, hata kama itakuwa ni kuuliza tu kama dawa inanywewa kabla ya chakula au baada yake.

Vyeti na ujuzi

Upande wa karatasi usikuchukulie muda mrefu. Kituo cha afya nchini Kenya husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, na muuguzi huwa na leseni ya baraza la wauguzi inayohuishwa kila baada ya muda. Kuomba kuviona vyeti hivyo hakumvunjii mtu heshima. Chama cha kitaifa cha hospisi na tiba shufaa, KEHPCA, kinaweza kukuambia kama kinamfahamu mtoa huduma wako. Lililo muhimu zaidi ni kwamba muuguzi mwenye leseni si lazima awe amesomea tiba shufaa. Muulize alipata wapi mafunzo hayo, na ni daktari gani au afisa wa kliniki gani anayeandika dawa na kuzirekebisha pale zinaposhindwa.

Morfini

Hapa ndipo pa kukaa na kuuliza kwa kina, kwa kuwa maumivu ndiyo yanayomnyima mgonjwa usingizi, chakula, ibada na mazungumzo na wanawe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 utaratibu wa ngazi tatu kwa maumivu ya saratani: dawa za kawaida kama paracetamol kwa maumivu madogo, dawa za kiasi kama codeine kwa maumivu ya kati, na morfini kwa maumivu makali. Mtoa huduma asiye na njia halali ya kupata morfini amekosa ngazi ya juu kabisa, na kwa saratani iliyoingia mifupani ngazi hizo za chini hazitoshi. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 haikatazi morfini ya matibabu, bali inaidhibiti. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "serikali hairuhusu" anakosea, au anakuficha kwamba yeye hana kibali.

Morfini inayotumika zaidi majumbani ni ya maji, na ina uchungu mdomoni. Kwa kuwa nguvu yake hudumu takribani saa nne, hunywewa kila baada ya saa nne, na mara nyingi dozi ya kulala huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Muuguzi anayejua kazi atakueleza hivyo bila kuulizwa. Anayesema "mpe akilia" amekosea, kwa sababu maumivu ya kudumu huzuiwa kwa saa, na kungoja mgonjwa alie ni kumwacha ateseke kila mara kabla ya nafuu. Angalia chupa yenyewe: iwe na jina la mgonjwa, tarehe, na maandishi yanayoonyesha kila mililita ina miligramu ngapi, kwa kuwa morfini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti na kuzichanganya ni hatari. Upewe bomba la kupimia, si kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vya nyumba mbili havilingani. Pia uelezwe pa kuiweka, mbali na jua na mbali na watoto.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakinidanganyi. Morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na tatizo hilo haliishi kadiri siku zinavyopita. Basi ukipewa morfini bila dawa ya kulainisha choo, ujue kwamba aliyekupa hajakaa na wagonjwa wa namna hii vya kutosha. Kichefuchefu na usingizi mwingi ni tofauti, kwani aghalabu hupungua baada ya siku chache, na hilo pia unapaswa kuambiwa mapema ili usiitupe dawa siku ya pili. Uambiwe vilevile dalili za kukufanya upige simu mara moja: mgonjwa kutoamshika, au pumzi zake kwenda polepole mno.

Wazee wetu huuliza kama morfini si kileo, na kama haiharakishi kifo. Mtoa huduma mzuri hayacheki maswali hayo. Ataeleza kwamba dozi inayopandishwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu haimwui mgonjwa wala haimgeuzi mraibu, na kwa upande wa sharia atawaachia mwende kwa sheikh wenu, au yeye mwenyewe akae naye kitako. Akikasirika kwa kuulizwa, muulize mwingine.

Mafunzo kwa mlezi

Muuguzi atakuja mara moja au mbili kwa wiki. Siku nyingine zote huduma iko mikononi mwa binti, mkwe au dada wa mgonjwa. Ndiyo maana ziara ya kwanza ni ya kutazamwa kwa makini. Je, muuguzi alizungumza na mlezi, au na mwanamume mkubwa wa nyumba peke yake, ambaye pengine hajawahi kumgeuza mgonjwa ubavu? Je, alionyesha kwa mikono yake namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, namna ya kumsafisha kinywa kwa kitambaa chenye maji, namna ya kutunza mpira wa mkojo na kupunguza harufu ya kidonda, kisha akamwacha mlezi afanye mbele yake? Maelezo ya mdomo hupotea mara tu mlango unapofungwa. Na je, alimuuliza mlezi analala saa ngapi? Swali hilo ni dogo, lakini huduma ya nyumbani huvunjika pale mlezi anapovunjika.

Ukweli, staha na ibada

Katika nyumba zetu ni kawaida jamaa kumwambia daktari, "Mzee asiambiwe." Mtoa huduma wa kuaminika hatamwaga habari kwa nguvu, wala hatakubali kumdanganya mgonjwa anayeuliza mwenyewe, atampima kwa upole anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Muulizeni mapema atafanyaje hali hiyo ikitokea. Ulizeni pia kama yuko muuguzi mwanamke wa kumhudumia mgonjwa mwanamke, kama saa za dawa zinaweza kupangwa zisigongane na swala, kama watamsaidia asiyeweza kutia udhu atayamamu, na kama wanajua kwamba saa za mwisho familia itataka kumwelekeza kibla na kumlakinia shahada bila watu kumkimbilia na dripu. Kwa wagonjwa wa dini nyingine, wale wa Mpeketoni na Hindi kwa mfano, swali libaki lile lile na majibu yafuate imani yao.

Gharama

Mashirika mengi ya hisani hutoza kidogo au hayatozi, lakini nauli ya boti, glavu, nepi za watu wazima na dawa hulipwa na mtu. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF mwezi Oktoba 2024, uliza waziwazi ni kipi kinacholipiwa na bima na ni kipi utakachotoa mfukoni, nawe uandikiwe. Malipo ya kutuma kwa M-Pesa kwenye nambari binafsi ya muuguzi, bila risiti, yakataeni kwa adabu.

Baada ya huduma kuanza

Usingoje mwezi mzima kuamua. Pimeni maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kipimo hiki cha sifuri hadi tano kinafaa hata kwa asiyejua kusoma. Andikeni katika daftari kila asubuhi na kila usiku, pamoja na saa za dawa, siku ya mwisho ya choo na kila simu mliyopiga na ilivyojibiwa. Ikiwa baada ya siku chache mgonjwa bado anaonyesha vidole vinne, na muuguzi analitazama daftari bila kuongeza dozi, kuongeza dawa nyingine wala kumwita daktari, mna haki ya kutafuta ushauri mwingine, kwa mfano katika hospitali ya kaunti ya King Fahd, na daftari hilo ndilo litakalozungumza kwa niaba yenu. Daftari linaweza pia kumtetea mtoa huduma: mara nyingine tatizo huwa ni dozi ya usiku inayorukwa na sisi wenyewe kwa kuogopa kumwamsha mgonjwa.

Uliza pia, ingawa ni zito kuliuliza, watafanya nini baada ya mazishi. Chupa ya morfini iliyobaki inatakiwa irudishwe na iandikwe, isiachwe kabatini. Na mjane atakuwa ndani ya eda miezi minne na siku kumi, muda ambao wageni wa matanga wamekwisha kutawanyika. Hospisi inayohesabu kazi yake kuwa ni ya familia nzima humtumia muuguzi mwanamke aje amjulie hali, walau mara moja.