Namna ya kubishana kuhusu Tuvix na kesho yake bado mkasalimiana

Kuna kipindi kimoja cha Star Trek: Voyager, ile tamthilia ya chombo cha anga, ambacho ukikiweka mbele ya watu sita, jua hamlali mapema. Kinaitwa "Tuvix". Kilirushwa Marekani tarehe 6 Mei 1996, msimu wa 2 ukielekea ukingoni, na mpaka leo mashabiki hawajapatana: kapteni wa chombo, Janeway, aliua, au aliokoa? Nimekionyesha sebuleni kwangu Ilala mara nne, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Mara mbili za mwanzo tuliishia kwenye ligi, na ile ya pili shemeji yangu aliondoka bila kumaliza chai. Ya tatu ilinyooka kwa bahati. Ya nne ilinyooka kwa sababu nilishajua pa kushika.

Anza na watu. Sita wanatosha, wakizidi wanagawanyika makundi. Hakikisha wawili kati yao hawajawahi kuona Star Trek hata siku moja, maana shabiki mzoefu alishahukumu kesi hii zamani, anakuja kukusomea hukumu tu. Mimi humwita mjomba wangu, dereva mstaafu wa treni, ambaye kwake chochote chenye chombo cha anga ni katuni, pamoja na jirani wa mlango wa pili, muuguzi. Yule aliyekwisha kukiona umweke karibu na wewe na umpe onyo mapema. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Siku ya kwanza shemeji alisema "huyu hafiki mbali" kabla sahani ya kashata haijazunguka, utamu wote ukaisha. (Wewe unayesoma hapa nakuharibia kwa makusudi. Mwenye nyumba lazima ajue.)

Wageni wape maelezo ya dakika mbili, yasizidi. Chombo kimetupwa upande wa pili wa galaksi, safari ya kurudi nyumbani ni kama miaka 75, na ndani kuna watu wapatao 150. Hapo kaza sauti: hakuna makao makuu ya kupigia simu. Janeway hana mkubwa wa kumwuliza wala hakimu wa kumpelekea shauri. Halafu wajulishe wawili. Tuvok ni mkuu wa usalama, mtu wa sayari ya Vulcan, hacheki, ana mke na watoto nyumbani. Neelix ni mpishi, anaongea kama redio, na raha yake kubwa ni kumfanya Tuvok atabasamu. Mwanzo wa kipindi wawili hawa wako kwenye sayari wanakusanya maua. Wanaitwa warudi kwa ule mtambo unaokuvunja hapa na kukuunda kule, na jukwaani anatokea mtu mmoja.

Acha picha iende. Ua walilobeba, aina ya okidi, limewachanganya. Watazame watu wako wanavyomwangalia mgeni huyu: hata nguo zimechanganyika, nusu sare ya Tuvok, nusu kitambaa cha marembo cha Neelix. Watacheka, na wacheke. Utahitaji kicheko hicho baadaye. Anajipa jina la Tuvix. Ana kumbukumbu za wote wawili, anapika vizuri kuliko Neelix, kazi ya ulinzi anaiweza, watu wanamzoea. Anayepata shida ni Kes, binti aliyekuwa mpenzi wa Neelix na mwanafunzi wa Tuvok, maana huyu mgeni anampenda na yeye hajui anapendwa na nani. Msipite haraka hapo. Siku ya nne jirani muuguzi aliguna kwenye onyesho hilo hata shemeji akageuka kumtazama.

Zinapita wiki kadhaa, kisha Daktari wa chombo anagundua njia ya kuwatenganisha. Kila mtu anafurahi, isipokuwa Tuvix. Anasema hataki.

Simamisha hapo hapo. Hilo ndilo nililojifunza kwa bahati. Mara ya tatu uniti za Luku zilituishia Tuvix akiwa ndiyo kwanza amekataa. Ni kosa langu, nilisahau kununua. Tukakaa gizani na tochi moja ya simu, nikasubiri mume wangu anunue, na ubishi ukaanza wenyewe. Ulikuwa ubishi mwingine kabisa. Zile mara mbili za kwanza tulimaliza kipindi, kisha tukagawanyika: wanaomtetea Janeway huku, wanaomshitaki kule, kama Simba na Yanga. Gizani hapakuwa na Janeway wa kumtetea, kwa kuwa wageni hawakujua ameamua nini. Kila mtu ilimbidi aamue kwa kichwa chake.

Kwa hiyo simamisha, gawa vipande vya karatasi, pigeni kura ya siri: atenganishwe au aachwe. Hesabu, usitangaze. Ndipo uruhusu maneno.

Hoja ya kwanza huwa ni hesabu: wawili kwa mmoja. Usiizuie, ila iulize inaishia wapi. Hospitalini kuna mtu mmoja mzima na wagonjwa watano wanaosubiri figo, moyo na ini; mbona hatumchinji? Kuna atakayeleta mfano wa tramu, ule aliouanzisha mwanafalsafa wa Uingereza Philippa Foot mwaka 1967, dereva achague njia ya kugonga watano au ya kugonga mmoja. Kwangu mfano huo haukufika mbali. Mjomba alisema treni haina usukani, anayegeuza reli ni mtu wa chini, na kwa nini hakuna anayeuliza habari za breki? Tulipoteza dakika kumi kwenye breki. Sijutii.

Hoja ya pili ndiyo yenye nyama, na hapa usiwe mvivu. Wanaotaka kutenganisha watasema Tuvok na Neelix hawakufa, wamo mle ndani, wanahitaji mtu wa kuwasemea. Janeway mwenyewe anashika hoja hiyo: kwamba yeye kapteni ndiye sauti yao, na anaamini wangetaka kuishi. Wabane kwa upole. Kama walikufa, basi mnamuua mtu hai ili kufufua wafu. Kama wamo ndani na wanasikia, basi aliyesema "sitaki" ni nani? Kinywa kile kina kumbukumbu za Tuvok zote na za Neelix zote. Pengine ni wao wanaokataa. Geuka upande wa pili ubane vilevile: mke wa Tuvok anamsubiri mume, utamwambia ameshiba kuwa nusu mtu? Jirani alisema chai ya maziwa ikishakuwa chai huwezi kuidai maziwa. Mjomba akauliza, je, kama ng'ombe alikuwa wangu?

Kwenye mkusanyiko wa Watanzania, mtu atawataja Maria na Consolata, wale pacha walioungana wa Iringa waliofika hadi chuo kikuu na kufariki pamoja Juni 2018 wakiwa na miaka 21. Mwache aseme, tena kwa heshima, kwa kuwa wote tuliwapenda. Kisha kumbusha tofauti: wao walikuwa wawili, kila mmoja na jina lake na maneno yake, na walisema wazi hawataki kutenganishwa. Anayetaka kesi ya mahakamani mpe ile ya Uingereza ya mwaka 2000, ya vichanga walioitwa Jodie na Mary. Wazazi walikataa upasuaji, mahakama ikaruhusu, Mary akafa na dada yake akaishi. Muuguzi wetu aliijua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema Mary hakuwa na mdomo wa kuomba, huyu anao.

Sasa leta kiti. Weka kiti kitupu katikati, mkalishe mtu awe Tuvix. Sharti ni moja: kuanzia hapo hakuna kusema "yule", ni "wewe". Anayetaka Tuvix atenganishwe amwambie machoni. Mara ya nne nilimkalisha mjomba. Alivua kofia akaiweka gotini, akanyoosha mgongo. Shemeji, ambaye usiku kucha alikuwa anaimba wawili kwa mmoja, alisimama mbele yake, akafungua mdomo, akaufunga, akasema:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Endelea."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Alisema hoja yake yote, kwa sauti ndogo, akiangalia ile kofia. Mjomba alimwuliza swali moja tu: "Mimi nimekukosea nini?" Hapo usiongee wewe mwenye nyumba. Hesabu mpaka kumi, kisha washa projekta.

Sehemu iliyobaki wataitazama kwa macho mengine. Tuvix anasimama kwenye chumba cha uongozaji, anamwendea mmoja mmoja wa wale aliokula nao na kufanya nao kazi, anaomba mtu aseme neno. Hakuna. Wanatazama chini, wanatazama vitufe. Kisha Daktari, ambaye ni mwanga wa kompyuta na wala hana mwili, ndiye pekee anayekataa: hawezi kumtoa mtu uhai bila ridhaa yake. Janeway anafanya mwenyewe, kwa mkono wake, na picha ya mwisho ni uso wake akitoka kwenye korido. Mimi Janeway simwiti mtakatifu, ila aliubeba mzigo wake. Ninaoshindwa kuwasamehe ni wale wa kwenye viti, na ndiyo sababu ya kiti changu.

Piga kura tena, safari hii kwa majina. Kwetu ilitoka wanne kwa wawili, kama mwanzo, ila nilipouliza nani alibadilisha, walinyoosha mkono watu wawili, mmoja wa kila upande.

Usimruhusu mtu akimbilie kusema waandishi walihitaji tu kuwarudisha waigizaji wao wiki inayofuata. Ni kweli, tamthilia za miaka ile zilipenda kila kitu kirudi mahali pake, lakini hilo halimjibu aliye kwenye kiti. Pia ficha mpaka chai ya mwisho kile kipindi cha Lower Decks, katuni ya Star Trek, cha mwaka 2023, "Twovix", kilichogeuza mambo haya kuwa kichekesho. Kikitangulia, hakuna atakayekuwa na huzuni ya kutosha.

Ilikuwa saa saba kasoro usiku mjomba alipovaa kofia yake. Taa ya ngazi ilikuwa imeungua, shemeji akamshika mkono na kumwangazia kwa simu. Niliwasikia wakiteremka ghorofa ya pili.

"Sasa," mjomba alikuwa anasema, "tuseme wewe ndiye Kes."

"Angalia ngazi kwanza, mjomba."